Katalogi ya pamoja ya data na sampuli za utafiti wa afya Pwani: maswali mnayotuuliza kila mara

Haya maswali yametoka kwa watu wa maabara, watu wa data, manesi wa utafiti na wanafunzi, kuanzia Mombasa mpaka Kilifi na Kwale, mengine kwenye mikutano, mengi kwenye WhatsApp saa nne za usiku mtu akiwa anapanga ripoti ya kesho. Tumejibu vile tunavyoongea. Ukitaka Kiswahili cha ofisi soma sera.

Kwani hii katalogi ni nini hasa? Ni databesi nyingine tena?

Hapana, na hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Katalogi haibebi data yako wala haitoi sampuli kwenye friza yako. Inabeba maelezo tu, yaani kuna mkusanyiko fulani, ni wa ugonjwa gani, uko wapi, ukubwa wake kadiri gani, ulikusanywa miaka ipi, wa kuulizwa ni nani na masharti yake ni yapi. Basi. Fikiria dalali wa nyumba, yeye mwenyewe hana hata banda lakini anajua Kisauni kuna vyumba viwili viko wazi, Bamburi kuna bedsita, funguo iko kwa nani na mwenye nyumba hataki mpangaji wa aina gani. Hapa tofauti ni kuwa hakuna hela ya dalali.

Hayo maelezo ndo yanaitwa metadata. Ukisikia mtu anataja metadata kwenye kikao usiogope, ni maelezo ya data, si data yenyewe.

Mbona tusipigiane simu kama siku zote?

Pigeni, hakuna aliyewakataza. Lakini simu inasaidia kama unamjua wa kumpigia, na hapo ndo pagumu. Chukua chikungunya. Mwaka 2004 ililipuka Lamu, na utafiti wa damu uliofanywa kisiwani mwezi wa kumi mwaka huo ulikadiria kwamba kama asilimia 75 ya watu walikuwa washaambukizwa, mwaka huo huo ikashuka mpaka Mombasa, alafu 2005 na 2006 ikavuka bahari ikafika Komoro na Réunion, na mwisho wa 2017 ikarudi tena hapa Mombasa, kila nyumba kuna mtu analalamika viungo. Sasa leo mtafiti anataka kulinganisha kingamwili za enzi ile na za sasa. Swali la kwanza, seramu (maji ya damu) za 2004 ziko kwenye friza ya nani? Teknishani wa wakati ule pengine kastaafu, mtafiti mkuu kahamia nchi nyingine, daftari la friza lina mwandiko ambao hata mwenyewe akirudishwa hausomi. Sampuli zaweza kuwa zipo, salama kabisa, na hakuna anayejua.

Ikifika hapo watu hufanya nini? Wanaenda kukusanya upya. Mtoto wa shule anachomwa sindano kutafuta jibu ambalo labda liko kwenye kijichupa cha miaka mingi, kilomita chache tu kutoka hapo. Mimi hili linaniudhi kuliko hela zinazopotea, manake hela mfadhili anazo, damu ni ya mtoto wa watu.

Haya mambo tumeanzisha sisi ama kuna wengine washafanya?

Wako wengi na hatuna sababu ya kuanza sifuri. Ulaya wana BBMRI-ERIC, mtandao wa benki za sampuli, yaani hifadhi za damu na sampuli nyingine za utafiti, makao yake Graz, Austria, ilipata hadhi ya kisheria mwishoni mwa 2013, na wana orodha ya pamoja ya benki za sampuli ambapo mtu anatafuta kwa ugonjwa, kwa aina ya sampuli, kwa nchi. Wao hawakukusanya vichupa vyote Graz, kila benki ilibaki kwake, kilichokusanywa ni maelezo. Orodha yao inafuata kiwango kinaitwa MIABIS, kilichoanzia Sweden na kutangazwa 2012 alafu kikarekebishwa 2016, na uzuri wake ni kuwa kinauliza kidogo: benki yenyewe, mkusanyiko, na utafiti uliouzaa. Baadae ndo wakaongeza sehemu ya sampuli moja moja na mtu aliyeitoa. Huo mpangilio wa kuanza juu alafu kushuka taratibu sisi tumeuiga bila haya.

Afrika kulikuwa na H3Africa, mradi wa jenetiki uliofadhiliwa na NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, tangu 2012 hadi 2022. Benki zao za sampuli za kanda ziliwekwa Uganda, Nigeria na Afrika Kusini, data za jenetiki zikapelekwa kwenye hifadhi ya EGA huko Ulaya, na mtu akitaka kutumia anapeleka ombi kwa kamati. Walikuwa na katalogi yao pia, mtu anaona kilichopo kabla hajaandika ombi.

Na hata hapa kwetu, mradi wa KEMRI-Wellcome Kilifi wanaweka maelezo ya data zao kwenye Dataverse, programu ya kuhifadhi data mtandaoni, APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya huko Nairobi, wana lango lao la data, na KNBS, shirika la takwimu la taifa, wana hifadhi ya sensa na tafiti za kaya. Tatizo si kwamba hakuna orodha, tatizo ni kuwa kila moja iko peke yake, na zile maabara ndogo za kaunti na vyuo haziko popote.

FAIR ni nini? Kila mfadhili anaitaja

Ni kanuni zilizochapishwa 2016 zinazosema data ipatikane, ifikike, ielewane na data nyingine na iweze kutumika tena. Jambo moja tu la kushika hapa, kufikika si kuachwa wazi kwa kila mtu. Data ya wagonjwa wa ukimwi yaweza kuwa FAIR kabisa na bado ikafungwa kwa kufuli, mradi njia ya kuomba imeandikwa na inajulikana. Mtu akikwambia FAIR inakulazimisha kuanika data mtandaoni, hajaisoma.

Nikiorodhesha mkusanyiko wangu, si ndo wazungu watakuja kuubeba?

Hili swali linaulizwa kila kikao na wanaouliza hawajakosea kuuliza. Wakati wa ebola ya Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, maelfu ya sampuli za damu ziliondoka Guinea, Liberia na Sierra Leone kwenda maabara za nje, na baadae wanasayansi wa nchi hizo wakaja kupata shida hata kujua ziko wapi na nani anazitumia. Kwa hiyo hofu ina mizizi.

Lakini hebu tazama vile zilivyoondoka. Ziliondoka kwa sababu kulikuwa na orodha ya wazi? La. Zilibebwa kwenye fujo, kila timu na makaratasi yake, na wenyeji wenyewe hawakuwa na orodha moja ya kusema hizi ni zetu, ziko idadi hii, zimetoka hapa. Kwa maoni yangu kitu kisichoandikwa ndo rahisi kubebwa, manake hata kikibebwa hakuna pengo linaloonekana.

Alafu kuonekana kwenye katalogi hakumpi mtu ruhusa ya chochote. Mtu akiona seramu zako za dengi, lazima aandike ombi, lisomwe na kamati yenu, apate kibali cha kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), na kama kuna kitu kinasafiri nje basi kuna mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha Wizara ya Afya. Hayo yote yanabaki pale pale. Na una haki ya kuandika masharti mapema, kwa mfano lazima tushirikiane, ama uchambuzi ufanyike hapa Kenya na yeye aje na laptopu yake, ama subirini kwanza mwanafunzi wetu amalize tasnifu. H3Africa walikuwa na muda kama huo wa kuwalinda waliokusanya wachapishe kwanza. Weka tarehe ya kuisha lakini. Mkusanyiko ulioandikwa "subirini" tangu miaka kumi iliyopita huo si ulinzi, huo ni uchoyo.

Mnataka nijaze nini? Ile fomu ya mara ya mwisho ilikuwa ndefu kama ya viza

Tumeikata. Saa hii tunaomba jina la mkusanyiko, maelezo mafupi ambayo hata mtu wa fani nyingine ataelewa, ugonjwa ama mada kwa msimbo wa ICD-10 ama ICD-11 (orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa, chagua mmoja na useme ni upi), aina ya sampuli na data zilizopo, idadi kwa makadirio, mwaka wa kuanza na kumaliza, eneo, umri na jinsia ya washiriki kwa makundi, namna zinavyohifadhiwa, masharti ya matumizi, namba ya kibali cha maadili, na mawasiliano. Ukikaa na daftari lako chini ya feni asubuhi moja inatosha.

Kwenye mawasiliano tafadhali usiweke barua pepe yako ya binafsi. Weka ya ofisi, ile ambayo ukihama atakayekuja ataendelea kuisoma. Katalogi nyingi zinakufa kwa hii sababu moja tu, mtu anaandika ombi, hakuna anayejibu, anaandika la pili, kimya, basi anawaambia wenzake ile orodha ni ya maonyesho.

Idadi isikusumbue kuwa kamili. Ukiandika "kati ya 1,000 na 5,000" tunaipokea.

Kwanini mnasumbua watu na majina ya mahali?

Kwa sababu hapa Pwani majina yametuchezea. Data ya kabla ya 2013 imeandikwa Mkoa wa Pwani, wilaya ya Malindi, tarafa fulani. Baada ya ugatuzi mkoa umekuwa kaunti sita, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na Malindi iko ndani ya Kilifi. Mtu akitafuta "Kaunti ya Kilifi" ataikosa data yote ya zamani ya Malindi kama hakuna aliyeunganisha. Hospitali nazo ndo balaa, hospitali kuu yetu kuna aliyeandika Coast Provincial General, kuna aliyeandika Coast General Teaching and Referral, kuna CPGH, kuna Makadara, na kompyuta inaona hospitali nne.

Dawa yake ipo na ni ya bure: wizara ina orodha kuu ya vituo vya afya na kila kituo kina namba yake. Weka namba. Jina liandike upendavyo, namba ndo itakayotafutwa. Kwa maeneo ya zamani weka yote mawili, jina la wakati ule kama lilivyo kwenye fomu, na kaunti ya sasa. Usifute la zamani, manake kuna siku mtu atataka kujua mipaka ilikuwa ipi wakati damu inatolewa.

Data yangu iko safi. Kwani lazima niandike kamusi ya data?

Safi kwako wewe uliyeikusanya. Tumepokea faili la Excel lina safu imeandikwa "malaria" na ndani kuna 0, 1, 2 na 9. Sawa, 1 ni amepatikana nayo, lakini amepimwa na nini? Kama ni maikroskopu hiyo ina maana yake. Kama ni kipimo cha haraka kile kinachotafuta HRP2, protini ya kimelea, kinaweza kubaki kinaonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona, sasa hapo unahesabu waliokuwa wagonjwa ama walioumwa mwezi uliopita? Kama ni PCR, kipimo cha kutafuta jeni za kimelea, inashika hata vimelea vichache ambavyo maikroskopu haioni. Hizo ni namba tatu tofauti ndani ya safu moja. Na 2 ni nini? Na 9 ni "hajui" ama "hakupimwa"? Chikungunya pia hivyo hivyo, vipimo vya kingamwili vinaweza kuichanganya na o'nyong'nyong kwa vile virusi vyake ni ndugu, kwa hiyo aina ya kipimo iandikwe, si jibu tu.

Tarehe nazo. 03/04/2015 ni tarehe tatu mwezi wa nne ama ni Machi tarehe nne? Inategemea laptopu ilinunuliwa ikiwa na mpangilio wa wapi. Andika 2015-04-03, mwaka mwezi siku, mambo yaishe.

Na kuna hili la kwetu ambalo vitabu vya nje havitakwambia. Mama anaulizwa homa ilimuanza mtoto saa ngapi, anajibu saa mbili asubuhi. Anayejaza fomu kwa haraka anaandika 2:00. Ikifika kwenye databesi imekuwa saa nane za usiku. Kwenye faili moja tuliona watoto kibao wameanza homa usiku wa manane, tukaanza kudhani tumegundua kitu, kumbe ni saa za Kiswahili zimeingia bila kubadilishwa. Kamusi ya data iseme wazi saa zimeandikwaje na nani alibadilisha.

Kamusi yenyewe si kazi kubwa, kila safu jina lake, maana yake, kipimo, na kila msimbo unasimamia nini. Kama ulitumia REDCap, programu ya kukusanyia data, inakutolea yenyewe, unabonyeza tu.

Kwa sampuli, "seramu, friza ya -80" haitoshi?

Haitoshi, na haswa hapa kwenye joto letu. Damu ikishatolewa chembe zake bado ziko hai, zinaendelea kula glukosi, na potasiamu inavuja kutoka ndani ya chembe inaingia kwenye maji ya damu. Bomba likikaa masaa sita kwenye kaunta ya zahanati isiyo na ac mwezi wa tatu, glukosi itasoma chini na potasiamu yaweza kusoma vibaya na mgonjwa wa watu hana shida yoyote. DNA haitajali sana. RNA itakuwa ishaharibika. Kwa hiyo sampuli hiyo moja ni nzuri kwa mtu mmoja na haifai kwa mwingine, na bila kuandikwa hakuna atakayejua.

Tunataka saa ya kutolewa, saa ya kuzungushwa kwenye sentrifyuji, saa ya kuingia friza, aina ya bomba (kifuniko cha zambarau si sawa na chekundu), na imeyeyushwa na kugandishwa tena mara ngapi. Kuna msimbo unaitwa SPREC, ulitolewa na ISBER, chama cha kimataifa cha benki za sampuli, 2010, unabana hayo karibu yote kwenye herufi chache, una vipengele saba. Ukiuzoea unaandika kwa sekunde. Kama huna taarifa ya zamani, msimbo una nafasi ya "haijulikani", tumia hiyo, usibuni.

Na stima. Kama friza ilizima mwaka fulani ikafika -30 kabla jenereta haijawaka, liandike. Watu wanaficha wakidhani sampuli zao zitadharauliwa, lakini mtafiti wa DNA atazichukua hivyo hivyo kwa furaha, na yule wa RNA utamuokolea miezi ya kazi ya bure.

Fomu za ridhaa za zamani zinasema "malaria tu". Nifanye nini?

Orodhesha, na kwenye masharti andika malaria tu. Ndo maana ya ile sehemu. Kuna misimbo ya pamoja ya masharti inaitwa DUO, imetengenezwa na GA4GH, muungano wa kimataifa wa data za jenetiki na afya, kwa mfano GRU ni utafiti wowote, HMB ni utafiti wa afya na tiba, DS ni ugonjwa uliotajwa peke yake, COL ni lazima kushirikiana na mwenye data. Faida yake ni kuwa kompyuta inaweza kuchuja, mtafiti wa kisukari hata hataoneshwa mkusanyiko ambao washiriki walikubali malaria tu, na kamati haipotezi muda kusoma ombi ambalo jibu lake lilikuwa hapana tangu mwanzo.

Ukitaka kupanua matumizi hiyo si kazi ya katalogi wala yako peke yako, ni ya kamati ya maadili. Wanaweza kusema watafuteni washiriki muwaulize upya, wanaweza kuruhusu kwa masharti, wanaweza kukataa. Na kama fomu zenyewe zimepotea kabisa? Andika zimepotea.

Sheria ya data inaturuhusu? Na je, mtu hawezi kutambulika?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya na za jenetiki kwenye kundi la data nyeti, na faini yaweza kufika shilingi milioni 5, kwa kampuni yaweza kuhesabiwa kwa asilimia 1 ya mapato ya mwaka, inayochukuliwa ni ile iliyo ndogo. Katalogi inayosema "mkusanyiko wa seramu 2,000, watu wazima, Mombasa, 2014" haina mtu ndani yake. Hapo hakuna shida.

Shida inaanza ukitaka kuwa mjanja ukaongeza kuchuja: ugonjwa adimu, mwanamke, umri 80 na zaidi, Lamu. Jibu likija "1", basi nani asiyemjua bibi huyo? Sisi ni watu wa Mji wa Kale, jirani akikohoa mtaa wa pili wameshajua. Kwa hiyo umri tunaweka kwa makundi, mahali hatushuki chini ya kaunti ndogo, na jibu lolote chini ya 10 linatoka "chini ya 10". Majina, namba za kitambulisho, namba za simu, namba za hospitali, haviingii kabisa hata kwa bahati mbaya, na ukituletea faili lenye navyo tunalirudisha bila kulifungua zaidi. Tafadhali msitume kwenye WhatsApp "muangalie tu haraka", hapana.

Wenyewe waliotoa damu wanasemaje?

Inategemea umewauliza vipi. Kilifi wamekuwa na mfumo wa wawakilishi wa jamii kwa miaka mingi, watu waliochaguliwa na wenzao vijijini wanaokutana na watafiti, na sehemu kubwa ya kinachojulikana Kenya kuhusu wananchi na kushirikishana data kimetoka huko. Eneo lao la ufuatiliaji lina zaidi ya watu 250,000 na lilianza 2000, kwa hiyo kuna familia ambazo zimejibu maswali ya utafiti kizazi hata kizazi.

Kwenye vikao tulivyokaa sisi, wazee na akina mama hawana ugomvi na orodha. Wanachouliza ni kitu kingine: majibu yatarudi lini? Mzee mmoja wa Likoni alituambia "nyinyi mwaja kuchukua, kurudi hamwaji", na hakuna aliyekuwa na la kumjibu mzee wetu hapo. Tulichofanya ni kuongeza sehemu moja kwenye fomu, matokeo yalirudishwa kwa jamii vipi na lini. Si ya lazima kujaza. Ikibaki tupu inaonekana tupu.

Tutumie programu gani?

Ambayo mtu wenu anaweza kuitunza. Kwa data za tafiti NADA ni ya bure na ndo APHRC na KNBS wanayotumia, MOLGENIS imetumika kwenye orodha ya BBMRI, Dataverse ni nzuri kama mnataka na kuhifadhi. Kama hamna mtu wa seva anzeni na Excel moja iliyopangwa vizuri, safu zake zikifuata MIABIS, mtahamisha siku mkipata mtu. Nimeona pesa nyingi zikiishia kwenye mfumo mzuri usio na rekodi ndani.

Google itaiona?

Ndio, ukurasa wa kila mkusanyiko ukiwekewa alama za schema.org, Google Dataset Search inausoma. Omba pia kila mkusanyiko upewe DOI, yaani namba yake ya kudumu mtandaoni, ili mtu akiutumia autaje kwenye makala yake na wewe upate sifa, na muunganishe na ORCID yako, namba inayokutambulisha wewe kama mtafiti. Linki za kawaida zinakufa tovuti ikibadilishwa, DOI inabaki mradi kuna mtu anasasisha inakoelekeza.

Nani analipia? Mradi ukiisha je?

Seva ni rahisi. Mtu ndo ghali, na ndo anayesahaulika kwenye bajeti. Tunawaambia wanaoandika maombi ya fedha waweke sehemu ya mshahara wa mtu wa data hadi mwisho wa mradi na baada yake kidogo, si laptopu tatu. Kila mkusanyiko tunauulizia mara moja kwa mwaka: bado upo, masharti yamebadilika, mtu wa mawasiliano ni yule yule? Asiyejibu mara mbili, rekodi yake inaandikwa "haijathibitishwa" kwa rangi nyekundu. Kuna waliokasirika. Walijibu lakini.

Kama ni kuchagua kati ya mikusanyiko 30 iliyothibitishwa na 300 isiyojulikana, mimi nachukua 30 bila kufikiria.

Mimi ni mwanafunzi tu, nina data ya watu 80. Naruhusiwa?

Karibu sana. Data za wanafunzi wa TUM (Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa) na Chuo Kikuu cha Pwani ndo zinazopotea haraka kuliko zote, flashi inapotea na mambo yameisha hapo. Ongea na msimamizi wako kwanza, jina lake liingie kama mtu wa mawasiliano pamoja na idara, manake wewe utahitimu uende zako.

Friza imekufa, sampuli zimeharibika. Nifute rekodi?

Usifute. Badilisha hali iwe "hazipo tena", weka tarehe na sababu kwa sentensi moja, na uache ukurasa. Kuna makala zilizotaja mkusanyiko huo, mtu akifuata DOI asikute ukuta. Alafu angalia kama majibu ya vipimo vilivyofanywa kabla bado yapo kwenye faili, mara nyingi yapo, na DNA iliyotolewa huenda iko kwenye sahani ndani ya friza ya mtu mwingine aliyeshirikiana nanyi. Hayo yafungulie rekodi yake mpya, na uziunganishe mbili hizo.